Mithali za Kichina Katika Nchi ya Mikorosho

Imekuwa desturi siku hizi kutunga vijitabu na mabango ya mithali za Wachina pamoja na maana zake. Mithali huandikwa juu, na chini yake hufuata mstari mmoja wa mafundisho: vumilia, fanya kazi kwa bidii, usikate tamaa, anza leo. Mistari hiyo husomwa shuleni, hutundikwa katika kuta za ofisi, na hunenwa na wageni rasmi katika mikutano ya wakulima. Wasomaji huipenda kwa sababu ni mifupi, na wasemaji huipenda kwa sababu ni vigumu kuibishia. Nani atasimama mbele ya watu kushindana na hekima ya miaka elfu mbili?

Hata hivyo hapana budi desturi hiyo ishindaniwe, na neno la kuishinda liwe wazi. Mithali ya Kichina inayofundishwa kwa namna hiyo si mithali tena, na mara nyingine si ya Kichina. Imenyang'anywa shauri lililoizaa, ikabaki amri tupu. Na amri hiyo, ifikapo mahali kama Chiwata, humwangukia mtu ambaye mithali yenyewe haikumkusudia hata kidogo.

Chiwata ni kata ya wilaya ya Masasi, mkoani Mtwara, kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Wamakonde. Upande wa kusini-mashariki uwanda huo huendelea mpaka Newala, kisha huinamia bonde la Ruvuma. Upande wa magharibi iko nchi ya chini ya Masasi na vilima vyake vya mawe. Lugha za Kimakonde, Kimakua na Kiyao husemwa katika nchi hiyo pamoja na Kiswahili, na zao la biashara ni korosho. Mahali hapo pamechaguliwa hapa kuwa kipimo kwa sababu moja. Katika muda wa miaka mia moja na zaidi watu wake wamepokea amri nyingi kutoka mbali, na kila amri ilikuja imevikwa vazi la hekima. Mbele ya watu wa namna hiyo mithali hupimwa vizuri, kama fedha ipimwavyo vizuri mbele ya mtu aliyewahi kulipwa fedha bandia.

Kwanza na ijulikane mithali ni kitu gani. Mithali ni hukumu kabla haijawa fundisho. Waswahili husema kuwa subira yavuta heri. Nao hao hao husema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Husema kuwa haraka haraka haina baraka. Tena husema kuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Lau mithali zingekuwa mafundisho ya siku zote kwa watu wote, nusu yake zingekuwa uongo, na mzee azitumiaye zote angekuwa kigeugeu. Lakini mzee huyo si kigeugeu. Amesikiliza shauri, amewatazama wanaoshitakiana, ameona nani ana haraka isiyo na sababu na nani amecheleweshwa haki yake. Kisha amechagua mithali moja, akaiacha nyingine. Hekima yake imo katika kuchagua. Maneno yenyewe hata mtoto anayajua.

Kwa hiyo maana ya mithali haikai ndani ya maneno peke yake. Hukaa kati ya msemaji, msikilizaji na shauri lililo mbele yao. Maskini akimwambia tajiri kuwa subira yavuta heri, huwa anaomba muda. Tajiri akimwambia maskini maneno hayo hayo, huwa anamnyima. Kijitabu chenye mstari mmoja wa maana hakiwezi kuonyesha tofauti hiyo, nayo ni tofauti ya haki na dhuluma.

Sasa na zitazamwe mithali za Wachina wenyewe, maana haifai kuzihukumu kwa makosa ya wale wanaozitangaza. Iko mithali mashuhuri ya mtu aliyengojea sungura penye kisiki. Mkulima mmoja wa nchi ya Song alikuwa akilima shambani mwake. Sungura akaja mbio, akajigonga katika kisiki cha mti, akavunjika shingo, akafa. Mkulima akapata nyama bila jasho. Tangu siku hiyo akaweka chini jembe lake, akakaa kukitazama kisiki, akingoja sungura wa pili. Sungura wa pili hakuja, shamba likaota majani, na watu wa Song wakamcheka.

Mabango hufasiri hadithi hii kwa neno moja: usiwe mvivu, usingoje bahati. Fasiri hiyo hupelekwa kwa mkulima. Lakini Han Fei, mwanachuoni wa karne ya 3 kabla ya Kristo aliyeiandika hadithi hiyo, hakuwa akisema na wakulima. Alikuwa akiwakemea watawala na washauri wao. Alisema kuwa mtu anayetaka kuwatawala watu wa leo kwa taratibu zilizowafaa wafalme wa kale ni sawa na yule aliyekaa penye kisiki: njia iliyofaulu mara moja anaingojea ifaulu tena, na dunia imekwisha badilika. Han Fei hakuwa rafiki mkubwa wa wanyonge. Alipenda sheria kali na utawala wenye nguvu. Lakini mshale wake ulielekea juu. Mabango yameuokota mshale huo, yakaugeuza ukaelekea chini.

Tena jambo jingine lataka kuangaliwa. Kwa nini mpumbavu wa hadithi ni mtu wa Song? Watawala wa Song walikuwa wazao wa ufalme wa Shang, ambao ulikuwa umeshindwa na ufalme wa Zhou, na waandishi wa zama zile walizoea kuwaweka watu wa Song katika hadithi za kuchekesha. Ndivyo ilivyo dunia: aliyeshindwa hufanywa mfano wa ujinga. Watu wa kusini mwa Tanzania wanaifahamu desturi hiyo bila kufundishwa. Jina la Wamachinga, watu wa Lindi, lilichukuliwa mjini likafanywa jina la kila mchuuzi wa barabarani, na mzaha juu ya Wamakonde umesemwa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa Chiwata anayefundishwa kumcheka mkulima wa Song hana habari kuwa anamcheka ndugu yake wa mbali. Mwalimu angemwambia hivyo, somo lingekuwa kubwa mara mbili.

Mithali ya pili pia ni ya mtu wa Song. Huyu aliona miche ya shamba lake haikui upesi, akaingia shambani akaivuta mmoja mmoja ipate kurefuka. Akarudi nyumbani amechoka, akawaambia watu wake kuwa siku hiyo ameisaidia miche kukua. Mwanawe akakimbia kwenda kutazama, akaikuta imenyauka yote. Hadithi hii ilisimuliwa na Mencius, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipokuwa akimweleza mwanafunzi wake namna ya kuikuza nguvu njema iliyo moyoni: isiachwe bila palizi, wala isilazimishwe. Mabango huifasiri kwa kusema kuwa haraka haina baraka. Na aambiwaye maneno hayo, mara nyingine tena, ni mkulima, kana kwamba mkulima ndiye asiyejua mche hukuaje.

Nani aliyevuta miche katika nchi ya mikorosho? Mwezi wa Novemba 1973 ilitolewa amri kuwa kufika mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani nchini Tanzania wawe wanakaa katika vijiji vya pamoja. Katika mkoa wa Mtwara, ulio mpakani na Msumbiji iliyokuwa katika vita vya ukombozi, kuhamia vijijini kulikuwa kumekwisha kuanza mapema zaidi. Nia haikuwa mbaya. Vijiji vilikusudiwa kuleta shule, zahanati na maji karibu na watu, na mahali pengi vilileta. Lakini mkorosho hauhamishwi. Mtu alipewa kiwanja katika kijiji kipya, na mikorosho yake ikabaki kule alikotoka, mwendo mrefu kwa miguu. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imekusanya korosho kiasi cha tani 145,000. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ilipatikana misimu iliyotoa chini ya tani 20,000. Sababu hazikuwa moja. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga ulienea katika maua ya mikorosho, na miti mingi iliyoachwa mbali ilimezwa na vichaka. Lakini haraka ya kuwahamisha watu imo katika hesabu hiyo, wala haiwezi kutolewa.

Basi hadithi ya Mencius ikifika Chiwata, msemaji wake wa haki ni mkulima, na msikilizaji wake wa haki ni mtu wa ofisi. Mkulima angeweza kuinuka mkutanoni akamwambia aliyetumwa: Bwana, nchini China alikuwako mtu aliyevuta miche ili ikue, akarudi nyumbani akijisifu kuwa amefanya kazi ya kuchosha. Hilo lingekuwa tumizi sahihi la mithali: ina msemaji, ina msikilizaji, ina shauri. Mabango yamemnyang'anya mkulima mithali iliyomfaa, yakamrudishia ikiwa karipio.

Jambo hilo halikwisha na vijiji. Mwezi wa Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo katika minada ya korosho, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ya wakulima wengi yalichelewa hata mwaka 2019. Katika miezi ile ya kungoja, ni mithali gani iliyofaa? Kama ni subira yavuta heri, iliwapasa wakulima waiseme wenyewe, kwa hiari yao. Ikisemwa na mdaiwa kumwambia mdai, si hekima tena, ni ujanja wa kukawiza deni.

Mithali ya tatu ni ya mzee aliyekaa mpakani na farasi wake. Imetoka katika kitabu kilichokusanywa kwenye baraza la mwana wa kifalme Liu An, karne ya 2 kabla ya Kristo. Farasi wa mzee alitoroka, akaenda ng'ambo ya mpaka. Majirani wakaja kumpa pole. Mzee akawauliza watajuaje kuwa hii si heri. Baada ya miezi farasi akarudi pamoja na farasi mwingine mzuri. Majirani wakaja kumpongeza. Mzee akawauliza watajuaje kuwa hii si shari. Mwanawe akampanda farasi yule, akaanguka, akavunjika mguu. Majirani wakaja tena na pole zao, na mzee akawauliza lile la kwanza. Mwaka uliofuata vita vikaja, vijana wazima wakachukuliwa vitani, na wengi wao wakafa. Kijana kilema akabaki nyumbani, akapona yeye na baba yake.

Mabango huandika chini ya hadithi hii kuwa kila shari ina heri yake. Huo ni nusu ya ukweli. Mzee wa mpakani alikataa kuhuzunika, lakini alikataa pia kufurahi. Hadithi ina mafunzo mawili: moja la mwenye msiba, jingine la mwenye neema. La mwenye msiba linamwambia asikate tamaa. La mwenye neema linamwambia asijivune, maana neema yake yaweza kuwa mwanzo wa kuanguka kwake. Wanaotunga mabango wamelichukua la kwanza wakalipeleka kwa wenye msiba, na la pili wameliacha. Haijapata kuonekana bango katika ofisi kubwa likimwambia mwenye ofisi kuwa cheo chake huenda kikawa shari.

Tena hadithi hiyo ni hadithi ya mpaka na ya vita, na bango halitaji mpaka wala vita. Watu wa Chiwata wangeisikia kwa masikio mengine. Katikati ya Novemba 1917 vita vya Wajerumani na Waingereza viliwafika nyumbani kwao. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, baada ya mapigano ya Mahiwa ya mwezi wa Oktoba, alirudi nyuma kuelekea uwanda wa Makonde, akapita Chiwata na Nambindinga, akaacha huko wagonjwa na majeruhi wasioweza kusafiri, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma ya kila jeshi walitembea wapagazi. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, na katika vita vile vyote vya Afrika Mashariki makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Katika mwaka kama huo mguu uliovunjika kabla ya msako uliweza kuwa uhai wa mtu. Msikilizaji wa nchi hiyo hahitaji mstari wa maana chini ya hadithi ya Liu An. Anachohitaji ni kusimuliwa hadithi yote, na mpaka wake, na vita vyake, na vijana wake waliokwenda wasirudi. Ataifasiri mwenyewe kuliko mwalimu wake.

Hizo ni mithali za kweli zilizopotoshwa. Ziko na nyingine zisizotoka China kabisa. Hapana mkutano wa mradi unaokwisha bila mtu kusema kuwa, kama wasemavyo Wachina, ukimpa mtu samaki umemlisha siku moja, bali ukimfundisha kuvua umemlisha maisha. Wazo hilo lilionekana kwa Kiingereza mwaka 1885 katika riwaya ya Anne Thackeray Ritchie iitwayo Mrs. Dymond, na jina la Uchina lilibandikwa baadaye sana. Vivyo hivyo ule usemi kuwa picha moja ina thamani ya maneno elfu kumi ulitangazwa kuwa mithali ya Kichina na Fred Barnard, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, mwaka 1927. Jina la Uchina limetumika kama ndevu za bandia: kijana anayevaa ndevu hizo huheshimiwa kama mzee.

Huenda mtu akasema kuwa asili si kitu, maadamu maneno ni mema. Na yatazamwe maneno yenyewe. Katika kitabu kile kile cha Liu An mna usemi wa kale ulio karibu nayo: kuliko kusimama mtoni ukitamani samaki, afadhali urudi nyumbani ukasuke wavu. Tofauti ya semi hizi mbili ni kubwa. Katika ule wa kale hakuna mfadhili wala mpokeaji. Yuko mtu mmoja, anajua kusuka wavu, anajiambia mwenyewe akausuke. Katika huu mpya wako wawili: mmoja anajua kila kitu na ana samaki mkononi, mwingine hajui lolote na ana njaa. Usemi wa kale ni wa mtu huru. Usemi mpya ni wa mwenye mradi.

Tena husemwa wapi? Husemwa hata juu ya uwanda wa Makonde, ambako hakuna mto wala ziwa, na ambako wanawake kwa vizazi vingi waliteremka mabondeni kuchota maji ya kunywa na kupanda nayo kichwani. Watu wa mahali hapo hawana haja ya kufundishwa kuvua. Walijifunza kuishi juu ya nchi isiyo na maji, na elimu hiyo hapana mtu wa mradi aliyewahi kuja nayo. Msemaji asiyetazama nchi anayosimama juu yake hawezi kutumia mithali, maana hajui shauri.

Sasa na yasikilizwe majibu ya wapinzani. Watasema kuwa hekima haina mipaka, na kuwa mithali ya taifa moja yaweza kuwafaa mataifa yote. Ni kweli, wala maandishi haya hayaipingi kweli hiyo. Pwani ya Waswahili imeipokea Uchina tangu zamani: vigae vya kauri za Kichina vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa, na msikitini watu wamesikia mara nyingi kuwa elimu itafutwe hata China, ingawa wajuzi wa hadithi za Mtume huihesabu kauli hiyo kuwa dhaifu. Kuazima si kosa. Kosa ni kuazima na kuficha ulivyobadili.

Na waangaliwe walioazima kwa uwazi. Tarehe 11 Juni 1945 Mao Tse-tung aliwasimulia wanachama wa chama chake hadithi ya kale ya mzee mpumbavu aliyetaka kuihamisha milima miwili iliyoziba mlango wake, akaichimba pamoja na wanawe, akisema kuwa wajukuu wataimaliza kazi. Katika hadithi ya kale Mungu alimhurumia mzee akaiondoa milima. Mao alisema wazi kuwa milima yake yeye ni ubeberu na ukabaila, na kuwa Mungu wake ni umma wa Wachina. Hadithi hiyo ilifika Tanzania katika miaka ya 1960, ndani ya kitabu chekundu kilichopigwa chapa Peking kwa Kiswahili. Mtu aweza kumpinga Mao kwa nguvu zake zote, na ziko sababu nyingi za kumpinga. Lakini aweza kumpinga kwa kuwa Mao alitaja milima yake. Bango lisemalo tu kuwa bidii huhamisha milima halitaji mlima wowote. Huenda mlima wenyewe ni yule aliyelitundika.

Vivyo hivyo Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, alitumia mithali ya Kiswahili kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alitaja shauri lake: katika jamii ya kale kila mtu alikuwa mfanya kazi, wala hapakuwa na haki ya kukaa bure juu ya jasho la wenzake. Kwa sababu alilitaja, msomaji aweza kuuliza swali lililo la haki: je, mtumishi wa serikali anayefika kijijini na kuwaambia wenyeji walime, ni nani hapo aliye mgeni, na nani aliyestahili kupewa jembe? Mithali yenye shauri hukubali kuulizwa.

Liko na shitaka jingine, nalo ni la vyuo vikuu. Wakati mithali za Kichina, za kweli na za bandia, zinaenea katika kila shule, hekima ya watu wa Chiwata imekusanywa zaidi na wageni na kwa wageni. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti katika nta. Kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Mwaka 1942 Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari katika nchi ya Masasi, alichapisha kwa Kiingereza vitendawili vya Wamakua na nyimbo za fumbo za jandoni. Kazi zao ni za thamani. Lakini mtoto wa Chiwata hazisomi, na mwalimu wake hana nakala.

Na zina nini? Weule aliandika masimulizi ya asili ya Wamakonde aliyoyapata kwao. Mtu wa kwanza alichonga mti sura ya mwanamke, sura ikawa mtu hai. Walipokaa karibu na maji ya bondeni, watoto wao walizaliwa wafu; walipopanda juu ya uwanda, akazaliwa mtoto akaishi. Ndipo wazee wakausia wazao wao wasijenge katika mabonde, karibu na maji makubwa, kwa kuwa huko hukaa maradhi na kifo. Kwa miaka mingi mtu wa nje aliweza kuuona usia huo kuwa ujinga: nani mwenye akili hujenga mbali na maji? Lakini usia una shauri lake. Mabondeni kulikuwa na homa, na njia za mabondeni zilipitwa na watekaji wa watumwa na majeshi ya wavamizi. Usia wa namna hiyo, ukifundishwa pamoja na shauri lake, humfunza mwanafunzi kufikiri. Ukifanywa bango lisemalo kuwa usijenge bondeni, haumfunzi kitu.

Wazee wa huko walijua tofauti hiyo. Jandoni mafumbo hayakutolewa kama orodha; yaliimbwa mahali pake, na watu waliowekwa kwa kazi hiyo, kwa vijana waliokuwa wakivuka kutoka utoto. Hata Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alipotaka jando liwe la Kikristo, hakulifuta na kuweka mahali pake karatasi ya maadili. Aliliacha jando likiwa jando, akabadili dini yake. Yako mengi ya kubishana juu ya kazi hiyo. Lakini alijua kuwa fundisho haliishi nje ya tukio lake. Inasikitisha ikiwa jambo alilolijua askofu mgeni limesahauliwa na wanachuo wenyeji.

Basi la kufanywa ni lipi? Kwanza, mithali ya Kichina isifundishwe Tanzania bila hadithi yake na shauri lake. Udhuru wa lugha umepungua: tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vina taasisi za Confucius zinazofundisha Kichina, na wako vijana wawezao kuvisoma vitabu vya Mencius na Han Fei badala ya kutafsiri tafsiri ya Kiingereza. Pili, usemi usiotoka China usiitwe wa Kichina. Tatu, mwanafunzi wa Kiswahili anayetumwa kukusanya mithali za Kimakonde, Kimakua au Kiyao asirudi na orodha. Arudi na mambo manne kwa kila mithali: nani aliisema, alimwambia nani, juu ya shauri gani, na shauri lile liliishaje. Orodha bila mambo hayo itakuwa bango jingine, nayo itawadhulumu wazee wa Chiwata kama mabango ya leo yanavyomdhulumu Mencius.

Mithali ya mbali na ikaribishwe kama mgeni akaribishwavyo. Iulizwe imetoka wapi, ilikuwa ikisema na nani, na imekuja kwa haja gani. Ikijibu, ipewe mahali barazani pamoja na mithali za wenyeji, na wakulima waitumie kwa lolote waonalo haki, hata kama ni kumwambia mkubwa kuwa anavuta miche. Isipojibu, na ingoje nje.